Tewa wa Mama Mkwe

Daktari wa Msambweni alimkataza mama mkwe wangu tui la nazi na vitu vya kukaanga, naye akajibu kwa kuacha kula. Alipoletwa kwetu Bongwe auguzwe, alikuwa akishinda kwa chai ya rangi na kununa. Mke wangu alilia jikoni. Mimi nimepika katika hoteli za Diani nusu ya umri wangu, nikamwambia aniachie mama yake.

Shida ni kwamba kwetu mkwe na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja, sembuse kupikiana. Angejua ni mkono wangu, asingegusa kwa haya. Basi tukakubaliana kusema uongo mdogo, wa heshima.

Nilipata samaki mnono, tewa mbichi wa Shimoni. Nikampaka ndimu, kitunguu thomu na pilipili manga, chumvi nikamwonjesha tu, nikamfunga kwa jani la mgomba na kumtia kwenye oveni. Alipoiva, nyama yake ilikuwa nyeupe pe, inajiachia yenyewe kwenye mfupa. Mke wangu akabeba sinia kwenda ukumbini. Nami nikajibanza nyuma ya pazia, mzee mzima, kusikiliza kama analiwa.

Mara nikasikia mwiba ukiwekwa kando ya sahani, kisha mwingine. Nilifurahi hadi nikajionea haya.

"Umepika wewe?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Wewe mwanangu, tangu usichana wako hujapata kupika samaki asiungue."

Mke wangu akakohoa. Nikaziba mdomo nisicheke, na hapo ndipo nilipotazama chini. Pazia letu ni fupi. Vidole vya miguu yangu, vyote kumi, vilikuwa ukumbini.

"Huyo aliyepika," mama mkwe akaendelea, kwa sauti ya kumfikia mtu wa chumba cha pili, "mwambie kesho apunguze ndimu."

Kesho. Neno hilo tulikuwa tumelingoja nyumba nzima.

Sinia liliporudi lilikuwa miba mitupu, isipokuwa kichwa. Kichwa cha samaki kwetu ni fungu la mkubwa wa nyumba, na hiki hakikuguswa, macho na yote.

"Mama anasema hiki ni cha mwenye vidole," mke wangu akaninong'oneza.

Nilikila palepale nimesimama, machozi yakinilenga. Na ndimu, kweli, ilikuwa imezidi.