Mtoto wa Watu Kule Evere

Wiki iliyopita nilikwenda makaburini Evere na maua mkononi, nikakuta nyanya yangu hayupo. Jiwe limeondolewa, nyasi zimeota. Mfanyakazi wa pale alinieleza kwamba muda wa kaburi lake ulikwisha; hapa Brussels hata marehemu hupisha wenzake. Nilitaka kumgombeza, lakini sheria si yake. Nikageuka, na yule Mwaustralia, askari ambaye kaburi lake halina mwisho wa muda, alikuwa palepale, jiwe jeupe, safi. Nilikasirika mpaka nikacheka.

Unajua wewe, Jumamosi za miaka ile ya tisini. Watoto wengine walitazama katuni. Mimi nilibeba ndoo na sabuni nyuma ya nyanya, vidole vimekufa ganzi, kwenda kuosha kaburi la mtu tusiyemjua.

Yote yalianza siku aliponiomba nimsomee mawe ya askari. Huyu Mwaustralia alikuwa mwanajeshi wa ndege, umri wake sawa na wa mjomba wangu, mtoto wa nyanya, aliyeuawa vitani kwetu Kivu, tusijue alilazwa wapi. Jirani yetu, mzee Mbelgiji wa ghorofa ya chini, alikuwa mtoto wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege ya kijana huyo ilipoanguka ikiwaka moto. Baada ya vita alimwona dada wa marehemu, aliyekuja kumlilia. Dada alisema kaka yake alichunga kondoo na baba yao, na shuleni alikwenda kwa farasi. Nilipomtafsiria nyanya, akapiga makofi. Mjomba alichunga ng'ombe Masisi. Basi, tukakoma: kila Jumamosi ikawa ya kaburi lile!

"Maman, uyu muzungu iko ndugu yenu wa wapi?" tantine mmoja, mama wa kanisani kwetu, alimtania.

"Iko mutoto ya muntu. Ama unataka mama yake apande avion kila samedi juu ya kupangusa jiwe?"

Mlinzi wa makaburi naye alichoka nasi. Kila mara alituambia kwamba askari hawa wana watu wa kuwatunza. Nilitafsiri huku nikiona haya.

"Banakata majani tu," nyanya alijibu. "Nani analia?"

Kisha ikaja sikukuu ya wafu. Wabelgiji walileta maua yao, wakasimama kimya. Nyanya alileta sombe ya majani ya muhogo na fufu, akatandika kitenge chini ili amwondolee yule kijana matanga, kwa kuwa kwao ni mbali na pengine hayakuondolewa. Harufu ya sombe ikatapakaa makaburini. Watu wakageuka. Nilimwomba turudi nyumbani.

Hakunisikia. Aliweka kiganja juu ya jiwe, akalia kwa sauti, na jina aliloita halikuwa lile lililochongwa pale. Aliita jina la mjomba, tena na tena, kama anamwita aje kula. Sikuwa nimewahi kumsikia akilitamka tangu tulipokimbia Kivu. Nikakaa kwenye kitenge, nikala.

Sasa mzee wa ghorofa ya chini hayupo, ngazi zetu hazinuki sombe, na nyanya, aliyehangaika miaka yote ili mwanawe apate jiwe la kuliliwa, yeye mwenyewe hana. Inaniudhi, sitakudanganya.

Wiki iliyopita sikurudi na maua yangu; niliyaacha kwa Mwaustralia. Niliteka maji bombani. Jiwe la Mwaustralia halikuwa na uchafu, kama siku zote. Nililisugua hivyo hivyo, nikaita jina la nyanya.