Banda Namba Mbili

Uongozi wa kiwanja chetu kidogo cha ndege, upande wa Temeke, ulitangaza kwa bango lenye muhuri kwamba ndani ya banda namba mbili hakuna askari, hajawahi kuonekana askari, na watumishi waache uvumi. Mabanda mengine yalilindwa na mtu mmoja mmoja. Hilo, wawili.

Tusajigwe, mfagiaji, alilisoma bango, kisha akalipangusa vumbi. Enzi za vita vya Kagera, kiwanja kikiwa cha jeshi na yeye msichana mdogo, alimwona kaka yake Erasmus akiingia banda lile na buti mpya, ya kushoto ikimbana. Ndege iliruka kuelekea kaskazini. Erasmus hakurudi, wala mwili wake. Tusajigwe alipokua aliomba kazi hapo hapo, na kila walipotaka kumhamishia jikoni, alikataa.

Katika ukoo wao, kule Tukuyu, aliyepotelea mbali huzikiwa mgomba badala ya mwili. Ila kwanza ndugu aliyemwona mwisho aende pale pale, amwite, kisha aondoke naye bila kugeuka nyuma. Ndugu huyo ni Tusajigwe, ambaye kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa na shughuli nyingi.

Mwaka huu alifuatwa kazini na Sekela, mwalimu wa Mwenge, binti wa Erasmus, aliyezaliwa baba yake ameshaondoka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kama ni ule mgomba, geuza."

"Mie sina hata kaburi la kupalilia, shangazi."

"Nikimwita akaja, si ndiyo kafa?"

"Na asipokuja?"

Tusajigwe alimtazama. "Mdomo huo kakuachia baba yako."

Mchana ule ule aliegesha ufagio ukutani, akaingia bandani. Salumu, mmoja wa wale walinzi wawili, alimpisha.

"Mie sijaona mtu, mama. Nasikiaga buti tu."

"Zinatembeaje?"

"Moja inaburutwa. Ya kushoto."

Tusajigwe akasema, kama anayemwamsha mtu, "Erasmus, twende nyumbani." Akatoka shingo imekaza, akavuka lami, akapita mbele ya bango hadi getini. Sekela alikuwa akimsubiri. Alitazama nyuma ya bega la shangazi yake, akasogea kando na kuacha nafasi ya mtu kati yao.

Jumamosi mgomba ulizikwa Tukuyu.

Jumatatu walinzi waliomba banda namba mbili libaki na mlinzi mmoja. Uongozi ulikubali bila kuuliza sababu.