Kiokosi cha Sukari

Ta! Kufuli likijifunga nyuma yangu, hadi leo hugeuka kwa kishindo. Mimi huyu, mtu mzima mwenye wajukuu, sifungi mlango kabla sijaushika ufunguo na kuutazama kwa macho yangu mawili. Wanangu hunicheka sana. Mdogo wangu Barasa hacheki, ingawa yeye ndiye asiyekumbuka chochote. Sogeeni niwaambie, lakini mkikutana naye msimweleze yote.

Tulikaa Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja cha Baba, Mama, mimi Nafula wa miaka minane, na Barasa ambaye hata kukaa alikuwa hajajua. Mama alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kukumbuka alipoweka vitu. Sindano, kitana, kifuniko cha sufuria, vyote vilimpotea. Dawa aliipata kwa jirani yetu Mama Zuhura, mzaliwa wa Majengo, mtaa wa Waswahili wenyewe, ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tuone haya kufungua mdomo.

"Mama Nafula, watoto macho yao yako karibu na chini," alimwambia. "Wewe tangaza kiokosi uone."

Kiokosi, yaani zawadi ya aliyeokota kilichopotea. Kwetu kilikuwa kijiko kimoja cha sukari, kilichomiminwa kiganjani. Sukari ilikuwa ya chai ya Baba na ya wageni, kwa hiyo nililamba taratibu, nikianzia upande wa kidole cha mwisho, na jioni nzima sikunawa mkono huo.

Sasa, nyumba yetu ilikuwa ya watu waliookoka. Niliposikia kiokosi nikajua kwa hakika kwamba neno hilo limetoka kanisani: aliyekiokoa kitu hupewa kiokosi. Na kama mhubiri alivyosema kuhusu yule kondoo, kitu hakiwezi kuokolewa kabla hakijapotea. Vitu vya Mama vilipochelewa kupotea, basi nilivisaidia. Nilipoteza sindano nikaiokoa. Nilipoteza kitana, nacho nikakiokoa. Mama alikuwa akinisifu mbele za watu: "Huyu mtoto ana macho, haki!"

Jumamosi moja ya manyunyu, tamaa ikanipeleka kwenye ufunguo wa nyumba. Mama aliufunga katika pindo la leso yake, fundo dogo gumu, na leso hiyo aliivua pale tu alipomwogesha mtoto. Nikafungua fundo, nikautia ufunguo ndani ya kiatu cha Baba cha Jumapili, chini ya kitanda. Kisha, kwa ujanja ambao bado unanitia aibu, nikafunga kifuniko cha soda katika lile pindo ili fundo libaki na uzito wake.

Barasa akalala. Jiko la makaa lilikuwa ndani kwa sababu ya mvua, na maharagwe juu yake. Mama akajitwika karai la nepi, akaniambia nibebe sabuni, twende bombani mara moja turudi. Katika ploti yetu, ua mmoja wenye milango mingi, sufuria zilikuwa zinaota miguu, kwa hiyo mlango haukuachwa wazi hata kwa dakika. Akalipapasa fundo, akaridhika, akalibana kufuli. Ta!

Nilijua papo hapo. Ufunguo ndani, mtoto ndani, jiko ndani, na dirisha limefungwa lina nondo. Habari za watu waliolala na jiko la makaa wasiamke zilikuwa haziishi mtaani. Nilitaka kusema, jamani. Nilitembea nyuma ya Mama nimeifinya ile sabuni mpaka kucha zikazama, na kule bombani nikawa nahesabu nepi zilizobaki.

Tuliporudi, Barasa alikuwa analia. Mama akafungua fundo. Kifuniko cha soda kikaanguka kwenye saruji, kikabingirika mpaka miguuni pangu. Akakitazama. Akanitazama mimi. Ndani, kilio kikaingia kikohozi, na harufu ya maharagwe yanayoungua ikapita chini ya mlango.

Nilingoja kofi. Mama akatabasamu.

"Watoto!" akaita. "Ufunguo umepotea! Leo kiokosi si kijiko, ni kikombe kizima!"

Watoto wa ploti nzima wakatawanyika. Nami, Mungu anisamehe, nikatawanyika nao. Niliinama chini ya kamba za nguo, nikapekua mtaro, nikainua mawe, nikitafuta kwa bidii kitu nilichojua kiko wapi. 

Halafu Barasa akanyamaza.

Nimesikia mengi maishani, sijasikia kitu cha kutisha kama ule ukimya. Mama akaja nilipokuwa, akachuchumaa mbele yangu. Sauti yake ilikuwa laini, ile ya kumkaribisha mgeni.

"Nafula, mama. Kikombe kizima. Uko wapi?"

"Ndani," nikasema. "Kwenye kiatu cha Baba."

Ndipo alipopiga ukemi. Baba Atieno wa mlango wa pili, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, akatoka na nyundo akiwa na kaptura tu. Akapiga mara tatu, kufuli likaruka. Mama akaingia, akatoka na Barasa amelegea mikononi kama nguo iliyotoka majini. Akasimama naye kwenye manyunyu, akampulizia usoni, tena, na tena. Barasa akapiga chafya. Kisha akalia, na ploti nzima ikalia naye.

Kabla giza halijaingia, Mama akanipa kikombe cha sukari. Ahadi ni ahadi. Sikuweza kumeza hata chembe. Fimbo nayo ilikuja kesho yake baada ya kanisa, nami niliipokea kwa shukrani, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko ile sukari. Mama Zuhura alipopata kisa chote, pamoja na lile fundisho langu la kondoo, alicheka mpaka akafuta machozi. "Kiokosi ni cha kuokota, mwanangu," akasema. "Hakikutoka kwenye kuokoa."

Miaka mingi niliamini kwamba Mama alikuwa hajajua mpaka nilipomwambia. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipoelewa. Alijua tangu kifuniko kilipoanguka. Alijua pia kwamba akinipiga nitafunga mdomo, na ningeufunga kweli, nawaambia, mpaka mtoto afe. Kwa hiyo, huku mwanawe anakohoa nyuma ya mlango, yule mama wa miaka ishirini na sita alitabasamu, akatangaza sukari. Mama Zuhura alijua Kiswahili kuliko sisi sote, lakini siku ile kiokosi kilikuwa cha kuokoa.