Siku Niliyohesabu Pumzi

Mwaka nilioanza kuhesabu pumzi nilikuwa sibebeki. Ofisini kwetu Bariadi walituletea mwezeshaji wa semina, akatufundisha kutuliza akili: unakaa, unavuta pumzi, unahesabu moja mpaka kumi, unaanza upya, na wazo likija unaliacha lipite. Kwa wenzangu semina iliisha maandazi yalipoisha. Mimi niliibeba mpaka nyumbani. Nilihesabu nikiosha vyombo, nikahesabu nikipiga pasi, na yeyote aliyelalamika kwamba amechoka nilimhubiria kuwa hayupo, mwili uko hapa akili iko sokoni. Nilijiona nimepanda daraja.

Msimu wa pamba ulipofika nikaenda kijijini kwetu Nkoma kumsaidia mama kuchambua. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kaka zangu wawili walishahamia Katavi na ng'ombe zao siku nyingi, kwa hiyo pale nyumbani alibaki mama peke yake, na mtoto wa karibu nikawa mimi. Kuchambua pamba ni kazi ya kukaa chini. Lundo liko katikati. Nyeupe safi mnaitupa huku, na fifi, ile iliyopigwa mvua ikaingia madoa, mnaitupa kule. Majani makavu mnayatoa kwa vidole. Nikasema moyoni, kazi ya kuwepo ndiyo hii sasa. Nikaanza kuhesabu.

Mama akawa anaongea. Mama si mtu wa maneno mengi, na hilo peke yake lingetosha kunishtua kama ningekuwa na akili. Aliongea polepole, kwa Kisukuma, macho kwenye pamba, na mimi niliisikia sauti yake vile mtu anavyosikia redio ya jirani. Niliiacha ipite, kama nilivyofundishwa. Nikifika kumi naitika, "Ee, mayu," yaani mama, halafu narudi moja. Nakumbuka lilipita neno Bariadi, akapita baba mdogo, basi. Alipomaliza alinigusa goti akasema, "Haya ng'wana wane, mwanangu, nimeutua mzigo." Nikatabasamu. Niliporudi kazini niliwasimulia wenzangu kwamba sijawahi kuwepo mahali kama nilivyokuwepo kwenye lundo lile la pamba.

Wiki mbili baadaye ukaitwa mkutano wa ukoo, kuamua mama aishi wapi. Aliyeuongoza alikuwa baba mdogo, anayemfuata marehemu baba. Wanaume walikaa kwenye viti, sisi wanawake na mama kwenye mkeka. Baba mdogo akauliza mjane mwenyewe anasemaje. Mama akajibu bila wasiwasi wowote, "Nimeshamwambia mwanangu. Yeye atasema."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema nisameheni, sikusikia. Ni hayo tu. Lakini ningeyatoaje mdomoni, mimi mhubiri wa kuwepo, mtoto aliyesomeshwa kwa pamba ileile? Nikalikumbuka lile neno Bariadi, nikalidaka.

"Mama yuko tayari kuhamia kwangu mjini," nikasema. Nikaongeza kwamba chumba kipo.

Mama aliniangalia. Sikuwa nimewahi kuangaliwa vile na mtu anayenipenda. Kisha akainamia viganja vyake. Kwetu mzazi hamkani mwanawe mbele ya watu, hasa kama yeye mwenyewe ndiye aliyemtanguliza aseme. Baba mdogo akasema, "Basi, limeisha," akainuka na kwenda kunywa maji. Mvua zilipoanza, mwanawe mkubwa alikuwa ameshaingia kwenye nyumba yetu na mkewe.

Huu ni mwaka wa pili mama yuko kwangu. Hasumbui, na laiti angesumbua. Asubuhi ananiitikia salamu ya mwangaluka, anakunywa chai, kisha anakaa barazani na ungo wa mchele. Mchele ninaonunua siku hizi hauna mawe, lakini anauchambua mpaka mwisho, halafu anauchambua tena. Nimekuwa nikipita pembeni yake nikienda kazini nikijiambia kwamba wazee ndivyo walivyo.

Jumapili moja, mwezi uliopita, alinikuta barazani nimefumba macho.

"Unaumwa?" akauliza.

"Hapana, mayu. Nahesabu pumzi. Inanisaidia akili isizurure."

Akakaa. Akaupanga mchele kwenye ungo kwa kiganja.

"Hata siku ile ya pamba ulikuwa unahesabu?"

Ningeweza kudanganya, nilishaanza kuzoea. Nikasema ndiyo.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilijua ulinisikia, ukaona heri iwe hivi. Nikasema mtoto amesoma, ameona mbali kuliko mimi. Ndiyo maana nikanyamaza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Muda wote ule mama yangu alikuwa akiuheshimu uamuzi ambao sikuwahi kuufanya. Alikuwa ameacha nyumba yake kwa kuamini kwamba mwanawe ana sababu, na sababu yenyewe ni kwamba niliona aibu kusema sikusikia. Naona aibu kuiandika hata sasa. Nikashuka kwenye kiti, nikakaa chini karibu na ungo, nikamwomba aniambie tena.

"Sasa itasaidia nini," akasema. Lakini aliniambia, macho kwenye mchele. Kwamba baba yako mdogo anaitaka ile nyumba. Kwamba nikienda Bariadi hata mwezi mmoja, sitarudi. Kwamba nataka kubaki palipo kaburi la baba yako, na mjane akijisemea mwenyewe wanamwita mkaidi, kwa hiyo nisemee wewe.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Yalikuwa maneno machache sana. Hayakufika hata pumzi kumi.