Jabera za Fundi Saa

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza ameinama. Kibanda chake cha kioo kilibanwa kati ya duka la dawa na duka la viatu, na mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, hata waliolijua jina lake. Watu walisema mkono wake hautikisiki hata akipiga chafya. Yalikuwa maneno ya mtaani, lakini hayakuwa mbali na ukweli.

Asubuhi moja kibano kilimponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena. Mara ya tatu alishindwa kukiokota, na alipotaka kumwambia mteja asubiri kidogo, maneno yalitoka kama ya mtu aliyejaza maji mdomoni. Huyo mteja alikuwa jirani yake wa duka la dawa, aliyefuata saa yake. Aliutazama uso uliopinda upande mmoja, akafunga duka na kumkimbiza hospitali. Daktari alisema baadaye kwamba kiharusi hakingoji mtu, na zile dakika chache ndizo zilizomwokoa. Fundi Saa hulitaja jambo hilo kila anapopata nafasi. "Bila yule bwana," husema, "leo ningekuwa marehemu mwenye saa nzuri."

Alirudi nyumbani akitembea mwenyewe, na ulimi ulimrudia, ila mkono wa kulia ulining'inia kama wa kuazima. Mkewe alikuwa mpishi wa shule na hakuweza kuacha kazi, kwa hiyo akamwita mama yake aje wiki moja. Akakaa miezi tisa.

Jambo hilo lilimtesa Fundi Saa kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa miaka yote ya ndoa, yeye na mama mkwe wake walikuwa watu wa kusalimiana mlangoni: shikamoo, marahaba, habari za huko, njema, basi. Alimheshimu kiasi kwamba hakuwahi kula mbele yake. Sasa mama huyohuyo ndiye aliyemkatia nyama na kumfunga vifungo vya shati. Siku mbili za mwanzo alidai ameshiba. Siku ya tatu mama mkwe aliweka sahani mezani, akavuta kiti, akakaa.

"Mwanangu," alisema, "njaa haina mkwe. Kula."

Akala, macho kayakaza ukutani.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemwagiza aokote maharage, moja moja, kutoka bakuli hili kwenda lile, asubuhi na jioni. Alivumilia wiki tatu. Wiki ya nne alilisukuma bakuli, maharage yakatawanyika sakafuni.

"Nimetengeneza saa za mahakimu," alisema. "Leo naokota maharage kama kuku."

Mama mkwe hakumbembeleza. Aliingia chumbani, akarudi na bahasha ya kaki. Ujanani alifanya kazi kwenye kitalu cha maua, upande wa kusia mbegu, na ndani ya bahasha mlikuwa na mbegu za jabera, lile ua lenye uso mpana wa duara linalosimama peke yake juu ya kikonyo kirefu kisicho na jani. Mbegu zenyewe zilikuwa nyembamba kama ncha ya kijiti cha meno, kila moja na kishungi cha manyoya mwishoni.

"Mimi nazijua lakini sizioni," alisema, maana mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. "Wewe unaziona lakini huzijui. Tukiungana tutapata mtu mzima mmoja."

Fundi Saa alicheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Akaomba aletewe kibano chake.

Mama alichanganya udongo, mchanga na mboji kwa vidole, akajaza trei ya plastiki iliyotobolewa chini. Akaelekeza: ncha chini, manyoya juu, mbegu isimame wima, na usiifukie kabisa, inataka mwanga. Siku ile Fundi Saa alitumia saa nzima kupanda mbegu tisa, jasho likimtoka. Ya kumi aliipeperusha kwa pumzi yake mwenyewe. Mkewe aliporudi kazini aliwakuta wote wawili wamepiga magoti chini ya meza, mmoja haoni, mwingine hashiki.

"Mmepoteza nini?"

"Ua," mama yake akamjibu.

Siku zilizofuata alimalizia zilizobaki, na trei ikawekwa dirishani, ikafunikwa nailoni. Kati ya mbegu arobaini, zilizoota ni mbili.

"Ni huu mkono," alisema Fundi Saa.

Mama mkwe aliipapasa trei kwa vidole. "Si mkono wako. Hizi mbegu nilipewa mwaka juzi. Jabera haitaki kuwekwa, ikipita miezi michache inafia ndani ya ganda. Nilijua."

"Kwa hiyo mama ulinipa mbegu zilizokufa?"

"Nilikupa kitu cha kushika."

Fundi Saa aliutazama mkono wake. Vidole vilivyoshindwa na kifungo cha shati vilikuwa vimesimamisha mbegu arobaini, moja moja. Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia.

Mkewe akatumwa kitaluni kwa shoga wa zamani wa mama, akaleta mbegu mbichi sitini. Safari hii zilimchukua alasiri mbili tu. Siku ya tisa kijani kilichungulia, na wiki ya tatu wakahesabu miche arobaini na moja. Saba Fundi Saa aliiozesha mwenyewe kwa kuimwagilia juu, katikati ya majani.

"Umeiua kwa wema," mama alimwambia, akamfundisha kuziweka trei ndani ya beseni ili udongo unywe kutokea chini. Walipohamishia miche kwenye makopo, mama alipitisha kidole kwenye kila shina kuhakikisha shingo, pale majani yanapoanzia, haijazikwa.

Mwezi wa tano tangu kupandwa, ua la kwanza lilifunguka.

"Rangi gani?" mama akauliza.

"Ya chungwa, lakini chungwa lililoiva sana. Katikati jeusi."

Mama alilisogelea mpaka chavua ikampaka puani. Hakuona zaidi ya wingu. Jioni ile Fundi Saa alimwambia mkewe, "Mama apelekwe kwa daktari wa macho. Hilo haliwezi kungoja."

Jicho moja lilifanyiwa upasuaji, na ikabidi litiwe dawa mara nne kwa siku. Bintiye yuko kazini, basi mtiaji akawa mkwe. Tone la kwanza lilikosea njia.

"Hilo ni shavu, baba," mama alisema kwa upole.

La pili likaingia.

Wiki mbili baadaye alisimama mbele ya dirisha, akataja rangi zote mwenyewe, njano, pinki, nyekundu, nyeupe, akafikia kopo la mwisho na kuligeuza jani.

"Na hawa vidukari wanaonyonya majani, umewafuga tangu lini?"

Siku hizi Fundi Saa hushinda kibandani nusu siku. Hutengeneza saa za ukutani, hubadilisha betri na mikanda. Saa ndogo za mkononi huzipeleka kwa fundi mwenzake, na haoni aibu. Jirani wa duka la dawa ana kopo la jabera nyekundu kwenye kaunta, na kila likichoka huletewa jingine. Mama mkwe alirudi kwake na makopo matano. Jumamosi hupiga simu, na yeye na mkwewe huongea juu ya udongo, mbolea na miguu inayouma, mpaka bintiye wa kumzaa mwenyewe akae pembeni akingoja zamu yake.