Shock zilikufa ndani ya warranty, showroom wakasingizia samli ya mama

Wakuu, salaam kwenu nyote. Kisa hiki ni changu mwenyewe na sitaongeza chumvi. Nikikosea mahali, ni kusahau tu.

Miaka ile ya mwisho ya tisini, baada ya mvua za El Niño kukatakata barabara, nilikuwa Garsen.

Shule niliacha darasa la sita nikawa mtu wa kuzunguka, leo Hola, kesho Malindi. Lakini chochote chenye nati lazima nikifungue nione ndani kuna nini.

Tajiri mmoja wa ng'ombe, Muorma, tumwite Godana, akaniajiri dereva. Alikuwa amenunua gari mpya kabisa ya turbo, ya chini, ile ya mbio. Garsen hiyo! Watu walicheka, lakini hela ni yake.

Siku gari ilipofika, mama yake mzazi aliipaka samli. Kitu kipya kikiingia kwake lazima akipake, ndiyo baraka yake. Alipaka bonnet, akapaka magurudumu, mkono ukaingia mpaka nyuma ya tairi.

Mwezi wa nne tangu inunuliwe, gari ikaanza kudunda nyuma. Nikachungulia chini: shock zote mbili za nyuma zimelowa, dalili kwamba oil ya ndani inavuja. Nikamwambia tajiri.

"Wewe nakimbiza sana," akasema. "Showroom ikisema ni wewe, kazi hakuna. Na Garsen yote nitaambia."

Kazi ningepata nyingine. Lakini dereva mwenye jina la kuvunja gari za watu hapewi hata baiskeli.

Tukashuka Mombasa. Fundi mkuu wa showroom akapitisha kidole kwenye shock, akanusa, akacheka.

"Mzee, hii si oil, ni samli! Shock haivuji. Huko kwenu mnaendesha gari ama mnaikaanga?"

Mafundi wote wakaangua kicheko. Godana akainamisha kichwa. Wakuu, mtu anatukaniwa mama yake mbele ya watu, na hawezi kukana kwamba mama aliipaka samli kweli.

Mimi nikapandwa na hasira. Nikaifuta ile shock kwa kitambaa mpaka ikakauka, nikakalia buti nikaidundisha gari hadi unyevu mpya ukatoka. Nikaukinga kwenye kizibo cha soda.

Kwenye gari tulikuwa na kibuyu cha samli, mama alitupa tuwapelekee jamaa zake mjini. Nikatia kidogo kwenye kizibo cha pili. Vyote viwili nikaviweka ndani ya friji yao ya soda.

"Tungoje," nikasema.

Baada ya muda nikavitoa. Samli imeganda kama sabuni. Ile ya shock nikaimwaga kwenye meza ya manager, ikatiririka.

Kicheko kikaisha.

Manager akageuza maneno: basi ni barabara zenu mbovu. Nikafungua kitabu cha warranty, nikasoma kwa kidole, pole pole, Kiingereza changu cha darasa la sita.

"Hapa mmeandika popote ndani ya Kenya. Garsen mmeiuza nchi nyingine lini?"

Godana akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Shock mpya zikafungwa. Ufunguo ukawekwa mezani pamoja na fomu ya kusaini. Nikaisoma. Imeandikwa shock zimebadilishwa "kwa hisani" ya showroom.

Nikamshika tajiri mkono. "Usisaini. Hisani anafanyiwa mwenye kosa."

"Wewe kijana, umepewa bure na bado unabisha?" manager akafoka.

"Sikuja kuomba."

Godana hakujua kusoma. Akaniuliza, "Neno gani hiyo?" Nikamwekea kidole juu yake. Akalitazama, kisha akaisukuma karatasi irudi kwa manager.

"Futa."

"Mzee, gari yako si iko tayari?"

"Gari nangoja. Wewe futa."

Akafuta. Akaandika kwamba shock zilikuwa mbovu tangu kiwandani. Godana akasaini, akachukua ufunguo na kunirushia mimi.

Nilichojifunza: wakikubali kukurekebishia, bado soma wameandika kosa ni la nani. Kuna watu watakupa kitu kipya ili tu wabaki na neno lao.

Najua wapo watakaosema nilikuwa mkaidi bure, shock si tulishapata? Semeni tu. Wewe ungesaini ile ya kwanza?