Mbwa wa Baba Mdogo

Siku ile tulikuwepo watu sita. Alikuwepo daktari wa mifugo, aliyekuja na pikipiki yake. Alikuwepo mwalimu, mama mfupi kutoka Arusha, aliyeletwa kwa siku tatu kutufundisha kuwashika na kuwatunza mbwa wakubwa. Alikuwepo mzee wa Kiha, mvuvi mstaafu, ambaye sasa ni mlinzi wetu wa mchana. Alikuwepo binti anayepika chakula cha mbwa. Nilikuwepo mimi. Na ilipofika saa nne asubuhi akaja baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yangu, kumchukua mbwa wake. Nawataja wote kwa sababu baba mdogo anasimulia Ujiji nzima kwamba nilimroga. Hakuna aliyerogwa. Palikuwa na kamba, na wote tuliiona ilivyokuwa mkononi mwake.

Baba na mama walifariki ndani ya mwaka mmoja. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule kidato cha pili nikawalea wadogo zangu wawili. Baada ya arobaini ya mama, baba mdogo alihamia katika nyumba yetu ya Buzebazeba akisema anatutunzia. Haukupita mwezi tukawa tunapanga chumba kwa watu, na kwenye geti letu akafungwa mbwa mweusi mwenye kifua kama cha ndama, aliyenunuliwa Bujumbura.

Mdogo wangu wa kike alikwenda kuomba cherehani ya mama. Hakuambiwa ndiyo, hakuambiwa hapana. Alifunguliwa mbwa. Alishonwa nyuzi kumi na moja kwenye shavu la mguu, na mimi ndiye niliyempeleka kwenye sindano za kichaa cha mbwa hadi zikaisha, nikimbeba mgongoni kutoka barabarani kwa sababu alikataa kupita penye mbwa yeyote, hata aliyelala.

Baadaye nilipeleka shauri la nyumba baraza la kata. Wajumbe walikuja kuikagua mara mbili. Mara zote mbili mbwa alifunguliwa, na wajumbe wakakumbuka shughuli nyingine. Mara ya tatu ilipangwa iwe Alhamisi.

Basi kabla ya Alhamisi hiyo mbwa akamng'ata mgeni wa baba mdogo mwenyewe, mtu mzito, aliyekuja kula pilau. Mwenyekiti wa mtaa akapiga simu, na daktari akamleta mbwa kwetu, kituo cha mifugo cha Bangwe ninakofanya kazi, kwa uangalizi wa siku kumi. Asipoonyesha dalili za kichaa, mwenyewe anamchukua. Siku ya kumi iliangukia Jumanne. Nilihesabu mara moja tu nikaelewa: akirudi getini Jumanne, Alhamisi wajumbe watageuza njia tena. Sikuomba kitu kingine katika swala zangu wiki ile. Mbwa asirudi kwenye lile geti.

Nilipewa mimi kumlisha. Siku ya kwanza niliwaza kumtilia kitu kwenye ugali, na sitaki kujifanya kwamba huruma ndiyo iliyonizuia. Nilijua akifa mikononi mwangu kila mtu atasema ni nani. Kwa hiyo nilimlisha vizuri, ugali wa pumba na dagaa, nikimpelekea kwa ndoo ya bati ambayo mshikio wake unagonga. Siku ya nne alikuwa akisimama kwa mlio wa ndoo kabla hajaniona. Nikimaliza naosha mikono kama tulivyofundishwa madrasa, mara saba na mojawapo kwa udongo. Binti wa jikoni alinicheka akasema nitaimaliza Bangwe yote, watu wakose pa kujenga.

Jumanne asubuhi mwalimu alitumia mbwa huyo huyo kutufundishia. Alitwambia tusimwendee uso kwa uso wala kumkazia macho. Tusimame ubavu, tungoje aje yeye. Tukiingia bandani goti litangulie, mlango ufunguke kiasi cha goti na si zaidi. Kumpima uzito tulimbeba wawili, mmoja kifuani, mwingine chini ya mapaja, tukamweka kwenye mizani tuliyoazima kwa wauza dagaa wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Nilikuwa wa kifuani. Nilisikia moyo wake ukigonga kwenye mkono wangu, nikashangaa kwamba na yeye anaogopa.

Kisha ikaja kamba. Mzee alipewa kwanza, na bila kufikiri akaizungusha kiganjani mara mbili, kama wavuvi wanavyofanya maisha yao yote wakivuta nyavu. Mwalimu akamzuia.

"Mzee, fungua hiyo. Ikunje tu kiganjani, mkunjo juu ya mkunjo, uweze kuiachia."

"Mama, mimi nimevuta nyavu miaka thelathini. Nishindwe na mbwa?"

"Wavu haujawahi kuona paka, mzee wangu."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu hakucheka. Alipandisha mkono wa blauzi akatuonyesha kifundo chake, kilichopinda kidogo kama mzizi, akasema mbwa mkubwa akiondoka na kamba imekuzunguka, ataondoka na mkono. Alitutaka kila mmoja arudie maneno yake kwa sauti. Nami niliyarudia.

Baba mdogo alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nilimpa shikamoo yake.

"Marahaba. Kumbe siku hizi ni mlishaji wa mbwa," akasema. "Kaka angekuona angefurahi."

"Namlisha wako, baba mdogo."

Mwalimu na daktari waliingia ofisini kuandika karatasi za kumruhusu mbwa. Walimwambia angoje nje, wakitoka mwalimu atamwelekeza. Hakungoja. Aliniamuru nimletee mbwa, nikamleta, nikamkabidhi kamba. Baba mdogo alikuwa na mitumbwi ya dagaa kabla ya kuwa na nyumba yetu. Akaizungusha kamba mkono wa kulia, mara ya kwanza, mara ya pili, akakaza.

Mzee, aliyekuwa ameshafungua geti, aliona. Alinitazama mimi, kisha akatazama ziwa.

Nilikuwa na maneno ya mwalimu mdomoni, mapya, hata saa moja hayajamaliza. Sikuyasema. Ilikuwa saa ya kulisha, kwa hiyo nikachukua ndoo yangu nikaanza kwenda upande wa mabanda. Ningeweza kuibeba kwa kuikumbatia. Niliishika kwa mshikio, nikatembea kama mtu mwenye haraka, na bati likagonga.

Mbwa hakumng'ata. Alikuja tu kula. Baba mdogo alikuja nyuma yake kwa tumbo, kanzu na yote, akapita juu ya kokoto mpaka kwenye nguzo ya banda la kwanza, mbwa akaizunguka nguzo na mkono ukabaki upande mwingine. Nilisikia ulivyolia. Daktari na mwalimu walitoka wakakuta kamba bado imekaza, wakaikata kwa kisu cha samaki cha mzee.

Daktari alichana ile karatasi. Alisema mbwa hatoki mpaka mwenyewe ajenge banda nyuma ya nyumba na aweze kumshika. Alhamisi wajumbe waliingia getini kwetu wakapima vyumba vyote vinne.

Jumanne hiyo jioni nilimsimulia mdogo wangu. Alikuwa akipinda sketi ya mteja kwa sindano ya mkono.

"Hukumwambia asizungushe?"

"Sikumwambia."

Alivuta uzi hadi mwisho.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Anaolia chakula."

"Huohuo."

Akainamia sketi yake, na mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko. Harusi iliyofuata baba mdogo alikalishwa mbali na sinia, mkewe akimlisha kwa kijiko, na watu waliotuona tukifukuzwa wakamwona.

Wiki iliyopita alimtuma shangazi. Alikaa kitini kwetu, akakataa kikombe changu kwa sababu ya mbwa, akasema ndugu yake ameumia vya kutosha, nifute shauri, tumalizane kama damu moja.

Nilimjibu kwa adabu, kwa sababu ni dada yake baba.

"Mkono ni kwa ajili ya mguu, shangazi. Kamwambie nyumba bado."